Fitra na Malezi katika Hisia za Binadamu

Mtoto mchanga, awe amezaliwa katika vyumba vya Kaptembwa jijini Nakuru au katika nyumba za wakulima huko Molo, akitimiza takriban wiki sita huanza kumchekea amtazamaye, wala hapana aliyemfunza. Hata aliyezaliwa kipofu, ambaye hajauona uso wa mama yake, naye hutabasamu. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, alikata shauri kwamba dalili nyingi za hofu, huzuni na ghadhabu zinazoonekana usoni ni za maumbile.

Walakini fitra haimfikishi mtu mbali. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super, wataalamu kutoka Marekani, walikaa Kokwet miongoni mwa Wakipsigis, wakiangalia jinsi watoto wanavyolelewa. Mtoto alilala ubavuni mwa mamaye, na mchana alibebwa na mama au na cheplakwet, yaani msichana mdogo aliyekabidhiwa ulezi. Akilia, alipewa ziwa. Na mtoto huyo huyo wa kiume aliyeliwazwa kwa kila kilio, akishakua, siku ya kutahiriwa alisimama mbele ya kisu, jamaa na majirani wakimkazia macho, na uso wake haukufaa kukunjamana wala kope kupepesa, kwani aibu yake ingewaenea wa nyumba yake wote. Maumivu hayakupungua hata chembe. Kilichoongezeka ni haya, hisia aliyotiwa kidogo kidogo na malezi, na mimi naona ni makosa kuiita haya hiyo ya bandia, kwa kuwa imepata nguvu za kukizuia kilio ambacho mtu huzaliwa nacho.

Mafunzo ya namna hii yaweza pia kuwa ya msiba. Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, wakapiga mahema na watoto wao. Mtoto wa miaka minne akisikia kishindo cha ghafla hushtuka, na kushtuka huko ni kwa wanadamu wote. Lakini kumkimbia muuza maziwa aliyemzoea tangu akiwa mchanga, kwa sababu tu ya matamshi yake ya kabila jingine, ni jambo ambalo mtoto huweza kulipata kwa siku chache, tena pasipo kuambiwa neno, kwa kuzitazama nyuso za wakubwa wake.