Saba ya thelathini

Mimi mwalimu mtarajiwa, nikiona 7/30 naona sehemu ya hesabu. Kwenye picha ya kuchapa ni kitu kingine: hiyo ni nakala ya saba, na zote ni 30 basi. Msanii anachonga ubao, anapaka wino, anakandamiza karatasi, kisha anaandika namba na sahihi kwa penseli. Zikitimia 30, wengine huukwaruza ule ubao usitoe nyingine tena.

Sisi tuliozoea kutoa kopi hata ya kitabu kizima pale steshenari tunauliza, kwa nini ajinyime? Ni kwa sababu mnunuzi analipia ahadi. Akichapa ya 31 kwa siri, wale 30 wote wameibiwa.

Studio Voltaire ya London, kituo huru cha sanaa kilichoanza 1994, huuza kazi za namna hii, na mapato yanasaidia shughuli zake. Hesabu yenyewe rahisi. Tuseme chapa moja ni shilingi 60,000. Mara 30 ni 1,800,000. Wakigawana nusu kwa nusu, msanii anabaki na 900,000, na kituo kina 900,000 ya pango na umeme bila kumpigia magoti mfadhili.

Najua, bumu halifiki huko. Ila chumba chetu cha hosteli tuko sita, na elfu kumi kumi inawezekana. Ugomvi utakuja siku ya kuhama.