Meno ya Mbwa na Paka na Hesabu ya Bima

Fuvu la mbwa ni chombo kizuri cha kufundishia. Mwalimu wa baolojia akiliweka mezani na kuwataka wanafunzi wahesabu meno, watapata 42, iwapo mnyama huyo alikuwa amekomaa na hakupoteza hata moja. Fuvu la paka litawapa 30 tu. Kabla ya hayo, mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utoto, na wa paka 26, nayo yote hung'oka katika mwaka wa kwanza wa maisha. Somo kwa kawaida huishia kwenye kazi za meno ya mbele, chonge na magego. Katika makala haya nataka tulichukue fuvu hilo hadi mahali ambapo huenda msomaji hakupatarajia, nako ni katika ofisi ya kampuni ya bima.

Katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mbwa na paka hukatiwa bima ya matibabu. Uswidi ilitangulia: mbwa wa kwanza alikatiwa bima huko mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947, na Marekani mwaka 1982. Mwingereza akiugua hutibiwa na huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948, lakini mbwa wake hana huduma ya namna hiyo. Gharama zote za mnyama humwangukia mwenyewe, na upasuaji mmoja waweza kumaliza mshahara wa mwezi au zaidi. Ndiyo maana bima hii, ambayo wengi wetu tukiisikia mara ya kwanza hucheka, kwa watu wa huko si jambo la mzaha.

Nami nilicheka, mpaka nilipoishi katika nyumba ya mama mmoja mzee nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza. Mama huyo alikuwa na mbwa mdogo, na kwa miaka sita alikuwa amelipa ada ya bima bila kukosa mwezi hata mmoja. Siku moja mbwa alivunjika gego la juu alipokuwa akitafuna kipande cha pembe ya kulungu. Mama alipeleka madai, nayo kampuni ikayakataa kwa barua ya mistari minne: ugonjwa wa meno ulikuwapo kabla, kwa hiyo haulipiwi. Aliniletea barua hiyo na hati yake ya bima akanitaka nimsomee, kwa kuwa nilikuwa mtu wa sayansi. Nilidhani ningemaliza kwa dakika kumi. Jioni nzima ilipita.

Kwanza yatupasa kufahamu bima ni nini. Bima ni mchango wa watu wengi wa kukabili hasara ambayo itawapata wachache, bila yeyote kujua mapema kwamba wachache hao ni nani. Tuchukue mbwa 1,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kwa mwaka mmoja mbwa 20 kati yao huvunjika jino, na kwamba kila tiba hugharimu pauni 500. Gharama yote ni pauni 10,000, na kila mwenye mbwa akichangia pauni 10, pamoja na ziada kidogo ya kuendeshea ofisi, hesabu imetosha. Kwa pauni kumi na kitu, mtu amejiepusha na hofu ya kulipa 500.

Sasa tuseme mbwa wote 1,000 wanahitaji kusafishwa meno kila mwaka kwa pauni 300 kila mmoja. Gharama yote ni pauni 300,000, na mchango wa kila mtu ni pauni 300 na ile ziada ya ofisi. Mtu atakuwa akitoa zaidi ya 300 ili arudishiwe 300! Hapa hakuna bahati nasibu ya kugawana. Ni afadhali aweke fedha zake mwenyewe. Na ubaya zaidi, bima ya namna hiyo ikitangazwa, watakaoikimbilia wa kwanza ni wale ambao vinywa vya mbwa wao vimekwisha kuoza, ada itapanda, wenye mbwa wazima watajitoa, nayo ada itapanda tena. Kwa sababu hiyo hati nyingi za bima hutamka wazi kwamba hazilipii usafishaji wa kawaida wa meno. Kwa maoni yangu kampuni hazina kosa katika jambo hilo.

Lakini je, ni kweli kwamba ugonjwa wa meno ni jambo la hakika kiasi hicho? Turudi kwenye kinywa.

Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, utando laini wa bakteria huanza kuota juu yake. Utando huu ndio ukoga. Usipopigwa mswaki, madini ya kalisi yaliyomo katika mate huuganda, na kwa muda wa siku mbili tatu sehemu yake hugeuka kuwa ukoko mgumu kama jiwe, ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa. Mate ya mbwa yana asili ya alikali kuliko ya binadamu, na hali hiyo huharakisha kuganda kwa madini. Alikali hiyohiyo, pamoja na uchache wa sukari katika chakula chake na umbo la meno yake lililochongoka, humkinga na lile tundu la jino linalotusumbua sisi. Kwa hiyo mbwa haumwi sana na jino lililotoboka. Yeye huumwa na kile kinacholishika jino.

Kati ya jino na ufizi kuna ufa mwembamba. Kwa mbwa mzima wa afya ufa huo hauzidi milimita 3 hivi kwenda chini, na kwa paka hauzidi milimita 1. Ukoga ukiingia humo, ufizi huvimba na kuwa mwekundu. Katika hatua hii ugonjwa waweza kurudi nyuma kabisa. Ukiachwa, ufa huwa mfuko, nyuzi zinazoufunga mzizi kwenye taya hukatika, mfupa huliwa, na jino hulegea. Hatua hii hairudi nyuma. Chuo cha udaktari wa mifugo cha London, Royal Veterinary College, kilichunguza kumbukumbu za mbwa 22,333 waliotibiwa Uingereza mwaka 2016, kikaona kwamba katika mwaka huo mmoja ugonjwa huu uliandikwa kwa asilimia 12.5 ya mbwa. Mbwa wa aina ndogo, kwa mfano wale poodle wadogo kabisa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa meno yao husongamana katika taya fupi. Na hao ni wale tu ambao madaktari waliona na kuandika. Mfuko ulio chini ya ufizi hauonekani kwa kumfunua mbwa mdomo mezani. Huonekana kwa kijiti cha kupimia na picha ya eksirei, na vyote viwili huhitaji mnyama alazwe kwa dawa ya usingizi. Hakuna mbwa anayekubali kuambiwa apanue kinywa kwa dakika arobaini. Sehemu kubwa ya gharama hutoka hapo: usingizi, mtu wa kuusimamia, picha, na muda.

Basi ugonjwa wa ufizi huja polepole, huwapata wengi, na waweza kupunguzwa sana kwa mswaki wa kila siku. (Dawa ya meno ya binadamu haifai, kwa kuwa mbwa huimeza, na nyingine huwa na sukari bandia iitwayo zailitoli, ambayo ni sumu kwake.) Kampuni nyingine za Uingereza hukubali kuulipia ugonjwa huu, ila kwa sharti: mnyama awe amechunguzwa meno na daktari katika miezi 12 iliyopita, na mwenyewe awe ametimiza matibabu yaliyoshauriwa. Anayekosa uchunguzi wa mwaka mmoja hupoteza haki yake, hata kama ada amelipa yote. Sharti hili huonekana kali, lakini lina mantiki: humlazimu mwenye mbwa kufanya lile linaloweza kuzuia hasara.

Jino kuvunjika ni habari nyingine kabisa. Mbwa ana magego manne makubwa, mawili juu na mawili chini, yanayopishana kama mkasi na kukata nyama. La juu lina mizizi mitatu. Gamba la enameli linalolifunika halifiki milimita moja kwa unene, wakati la binadamu katika magego lafikia milimita mbili na zaidi. Mbwa akiuma kitu kigumu kuliko jino, kama vile mfupa mkavu, pembe au jiwe, ubapa mzima hubanduka na kuacha kiini cha jino wazi, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria huingia, usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi, na baada ya wiki au miezi uvimbe hutokea chini ya jicho. Watu wengi hudhani jicho ndilo linaloumwa. Mbwa mwenyewe huendelea kula, kwa upande mmoja, bila kulia. Hii ni ajali ya kweli, na hati nyingi huilipia, ingawa kwa kawaida hulipia kung'oa jino, wala si kulivalisha kofia ya chuma.

Kwa paka mambo huwa magumu zaidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wa hati za bima. Paka wana ugonjwa ambao mwili wenyewe hulila jino. Seli ziitwazo odontoklasti, ambazo kazi yake halali ni kuyeyusha mizizi ya meno ya utoto ili yang'oke, huanza kuyayeyusha meno ya ukubwani. Katika uchunguzi mwingi, thuluthi moja hivi ya paka wakubwa, na pengine zaidi, wameonekana kuwa nao. Chanzo chake hakijajulikana. Mswaki hauuzuii. Maumivu yake ni makali, na tiba ni kuliondoa jino. Pia kuna uvimbe mkali wa ufizi na koo ambao kinga ya mwili wa paka huuchochea, na ambao mara nyingi hautulii mpaka meno yote ya nyuma, au yote kabisa, yang'olewe. Magonjwa haya mawili hayatokani na uzembe wa mtu. Kwa asili yake yanafanana na ugonjwa wa figo au wa ngozi kuliko ukoga. Lakini kwa kuwa yametokea kinywani, hati nyingine huyatia katika kifungu kimoja, "ugonjwa wa meno," na kuyanyima fidia pamoja na ukoga. Huko ni kupanga vitu kwa mahali vilipo badala ya sababu yake. Mwanafunzi akifanya hivyo katika mtihani wa baolojia, hukatwa maksi.

Kwa hiyo anayesoma hati ya bima asiulize tu, "Je, meno yamo?" Aulize vifungu vitatu tofauti vinasemaje: ajali, ugonjwa wa ufizi, na magonjwa mengine ya kinywa. Kisha atazame muda wa kungojea, ambao kwa magonjwa mara nyingi ni siku 14 tangu siku ya kukata bima. Atazame pia kiasi ambacho mwenye mnyama hubeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na fungu la asilimia analoendelea kuchangia, hasa mnyama anapozeeka. Mwisho ni kile kifungu kilichomkwamisha mama mwenye nyumba yangu, yaani maradhi yaliyokuwapo kabla.

Tuliomba nakala ya kumbukumbu za daktari wake. Miaka saba nyuma, kabla bima haijaanza, daktari aliyemchunguza mbwa huyo kwa ajili ya chanjo alikuwa ameandika maneno mawili tu: "ukoga kidogo." Kampuni ilikuwa imeyachukua maneno hayo na kuyafanya chanzo cha kila kitakachotokea kinywani mwa mbwa huyo maisha yake yote. Lakini ukoga hauvunji jino. Ukoga hula mfupa unaolishika, na jino lililoharibiwa na ukoga hulegea, halipasuki. Picha ya eksirei iliyopigwa siku ya tiba ilionyesha mfupa mzima kuzunguka mizizi yote mitatu, na ufa mpya uliopita katikati ya kiini. Daktari aliiambatanisha na barua fupi inayoeleza tofauti hiyo, nasi tukairudisha kwa kampuni.

Jibu lilichukua wiki tano. Gharama ilikuwa pauni 640. Kampuni ilitoa kwanza pauni 100 za kubebwa na mwenyewe, ikabaki 540, kisha ikatoa asilimia 20 kwa ajili ya umri wa mbwa, ikalipa pauni 432. Mama akabaki na pauni 208 za kulipa yeye, na hakulalamika. Ila tangu siku hiyo, kila alipompeleka mbwa wake kuchunguzwa, alimwomba daktari aandike katika kumbukumbu ni jino lipi, ukoga wa kiasi gani, na tarehe.