Akili Unde na Mpango wa Mazoezi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwalimu na Mteja

Mazoezi ya viungo yamekuwa sehemu ya maisha ya wananchi wengi. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa iliyohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, kwa lengo la kupunguza magonjwa yasiyoambukiza. Leo klabu za jogingi na kumbi za kunyanyua vyuma zipo mijini na hata vijijini, na baadhi ya walimu wa mazoezi wameanza kutumia akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, kuandaa mipango ya wateja wao. Makala haya yanaeleza namna chombo hicho kinavyofanya kazi, faida zake, na mahali ambapo uangalizi wa binadamu hauna mbadala.

Namna kinavyofanya kazi

Msaidizi wa akili unde hutumika katika simu au kompyuta, naye huandika majibu kulingana na maelezo anayopewa. Mwalimu hutaja umri wa mteja, lengo lake, siku alizonazo na vifaa vilivyopo. Kwa muda mfupi hupata mpango wa wiki nne au nane wenye aina za mazoezi, idadi ya seti, marudio na mapumziko.

Faida yake ni dhahiri. Mwalimu mwenye wateja thelathini ni vigumu kumwandikia kila mmoja mpango wake kwa mkono, na hivyo kijana wa miaka 20 na mama wa miaka 52 huweza kujikuta wakifuata karatasi moja. Kwa msaada wa akili unde, kila mteja anaweza kupata mpango unaomfaa, hata kama vifaa vyake ni ngazi za nyumbani na madumu mawili ya maji.

Kipimo cha kwanza cha mpango wowote ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020. Mwongozo huo unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya uwiano wa mwili na nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka.

Kisichoelezwa hakizingatiwi

Udhaifu mkubwa wa chombo hiki ni kwamba hakimwoni mteja. Tuchukue mfano wa mama huyo wa miaka 52 mwenye shinikizo la juu la damu, anayetumia dawa kama atenolol, ambayo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwalimu asipotaja dawa hiyo, mpango unaweza kutumia kanuni ya kawaida ya kutoa umri katika 220, ukapata 168, kisha ukamtaka mteja afikishe asilimia 70 hadi 80 ya idadi hiyo, yaani mapigo 118 hadi 134 kwa dakika. Kwa kuwa dawa inauzuia moyo wake kupanda hivyo, mteja atajisukuma kupita kiasi akitafuta namba ambayo mwili wake hauwezi kuifikia kwa usalama. Hesabu ni sahihi, lakini mteja yumo hatarini.

Kwa mtu kama huyo, kipimo salama zaidi ni pumzi: katika zoezi la wastani, anayefanya mazoezi anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Vilevile, mwenye shinikizo la damu hapaswi kubana pumzi anaponyanyua uzito, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha shinikizo ghafla. Naye mwenye kisukari anayetumia insulini huweza kushukiwa na sukari wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo, mwalimu amhoji mteja kuhusu maradhi, dawa, majeraha na ujauzito kabla ya kuandika chochote, na pale penye shaka amwelekeze kwanza kwa mtaalamu wa afya.

Kuhariri mpango

Mpango hubadilika kadiri mteja anavyoendelea. Mteja aliyeugua wiki mbili hapaswi kurejea pale alipoachia, na mwenye maumivu ya goti anahitaji zoezi mbadala. Akili unde hufanya marekebisho hayo upesi, lakini huweza pia kubadilisha sehemu ambazo hazikuguswa na ombi. Mwalimu anashauriwa kuhifadhi nakala ya zamani, kulinganisha mstari kwa mstari, na kujaribu mwenyewe zoezi asilolifahamu kabla ya kumpa mteja.

Taarifa za mteja

Hali ya afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwalimu apate ridhaa ya mteja kabla ya kuingiza taarifa hizo katika chombo cha akili unde. Atumie namba badala ya jina, wala asipakie picha ya kadi ya kliniki.

Maswali ya mteja

Mteja ana haki ya kuuliza: Nani aliyeukagua mpango huu? Je, dawa ninazotumia zimezingatiwa? Taarifa zangu zimehifadhiwa wapi? Mwalimu makini hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa mpango ukishafika mikononi mwa mteja, anayewajibika ni yeye na si chombo alichotumia.

Mwananchi aliyekaa muda mrefu bila mazoezi anashauriwa kupima shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kuanza. Yeyote anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida aache zoezi mara moja na kuwahi matibabu, hata kama karatasi inaonesha seti mbili zimebaki.