D ya Kemia na kichupa cha miligramu 60

Kila Januari, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, simu yangu haipoi. Wanaopiga ni wazazi. Wengine tunafahamiana, wengine wamepewa namba na shemeji wa jirani. Swali ni lile lile: "Mwalimu, binti yangu ana divisheni three ya 24, uuguzi anapata?" Nami nauliza Kemia amepata nini, Baiolojia nini, Fizikia nini. Nikiambiwa D, D na D, najibu kwamba sifa anazo. Mzazi anashusha pumzi, anashukuru, na simu inakatika kabla sijasema lililobaki.

Nafundisha uuguzi, na hilo lililobaki nalikuta darasani kila Oktoba.

Tuanze na sifa zenyewe. Stashahada ya uuguzi na ukunga, kwa mwongozo wa NACTVET, baraza la Tanzania linalosimamia elimu ya ufundi, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinatajwa kama sifa ya ziada. Sasa, D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 na kuishia 44. Maana yake mtu anaweza kukosa maswali saba kati ya kumi ya Kemia na bado akahesabika kuwa na Kemia. Sisemi kwa kejeli. Fizikia yangu mwenyewe ilikuwa D, na haikuwa D ya juu. Kwa shahada, anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na angalau C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya somo la tatu, kwa kawaida Fizikia. Jumla pointi 6. Wenzetu wa Kenya kwenye stashahada wanadai wastani wa C, na wanataka C pia kwenye lugha, iwe Kiingereza au Kiswahili. Hilo la lugha nitalirudia.

Bila shaka hicho ni kiwango cha chini tu. Vyuo vya serikali ada yake inabebeka, kwa hiyo waombaji hufurika huko, na mwenye D tatu anajikuta nyuma ya wenye B na C. Anakwenda chuo binafsi kama nyumbani kuna ng'ombe wa kuuza. Ushindani ndio huo, na wanafunzi wanaujua vizuri sana. Wanajua pointi za kila mwenzao. Wasichokijua ni kwamba mlangoni mwa chuo pointi zinaishia hapo, na kinachoanza kuhesabiwa ni kitu kingine.

Wiki ya kwanza huwa nawapa maswali matano. Si mtihani na hayana alama za kupeleka popote. Nataka tu kujua nimeletewa watu gani. Kikokotoo hakiruhusiwi. Swali la pili linahusu artesuneti, sindano ya malaria kali, na nawaletea kasha lenyewe mezani walishike.

Ndani ya kasha kuna kichupa cha unga, miligramu 60. Pembeni kuna vichupa viwili vya maji: bikaboneti mililita 1 na salaini mililita 5. Unaingiza bikaboneti kwanza, unatikisa mpaka ukungu uishe. Kama dawa inakwenda kwenye mshipa, unaongeza salaini yote. Zimekuwa mililita 6, na kila moja ina miligramu 10. Kama inakwenda kwenye nyama ya paja, unaongeza mililita 2 tu za salaini. Zimekuwa 3, na kila moja ina miligramu 20. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo moja ya uzito wake. Wa kilo 20 na kuendelea, miligramu 2.4. Basi mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 za mshipa au mililita 1.5 za paja. Mtoto ni yule yule na kichupa ni kile kile, lakini ukichanganya njia hizo mbili umempa nusu ya dawa au umempa maradufu.

Wengi hukwama hapo. Kuna mwaka kijana mmoja aliyekuja na B ya Baiolojia alinyoosha mkono akasema kitabu kimekosea: iweje mtoto mdogo apewe dawa nyingi kwa kilo kuliko mkubwa? Nilimpenda bure. Alikuwa amekosea, maana mwili wa mtoto mdogo huishughulikia dawa hii kwa namna inayodai dozi kubwa zaidi kwa kila kilo, lakini alikuwa amesoma namba akaishangaa. Wenzake walikuwa wameshainakili.

Hesabu hii si elimu ya chuo. Ni mkolezo, mada ya Kemia ya sekondari. Ni mlinganyo wa uwiano, Hisabati ya kidato cha kwanza. Ukienda chumba cha kusafishia vifaa utaikuta tena: Jik ya dukani ni asilimia 3.5, sisi tunataka klorini ya asilimia 0.5, kwa hiyo kikombe kimoja cha Jik kinapewa vikombe sita vya maji. Mwanafunzi aliyefanya titresheni maabara, kwa mikono yake, anacheka akiona hesabu hiyo. Aliyeikariri kwenye pepa za miaka iliyopita anauliza, "Mwalimu, fomula ni ipi?"

Nalifahamu swali hilo kwa sababu niliwahi kuliuliza.

Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa wa tatu darasani, na nilikuwa na desa maarufu, daftari la fomula ambalo wenzangu walilipigia foleni kulinakili. Mojawapo ya fomula zake ilisema: mililita kwa saa ni sawa na matone kwa dakika. Fupi, tamu, na kwenye mtihani haikuwahi kuniangusha. Nikapangwa wodi ya watoto katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Zamu ya usiku, mtoto wa kilo 10, daktari ameandika maji mililita 40 kwa saa. Nikatundika dripu, nikatazama saa ya mkononi, nikayahesabu matone mpaka yakawa 40 kwa dakika. Nikaandika kwenye chati kwa mwandiko mzuri.

Sista wa zamu alipita, akaishika seti ya dripu kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mwanangu, hii seti ya nani?"

Seti za watoto wodini zilikuwa zimeisha. Niliyokuwa nimeifunga ilikuwa ya watu wazima. Seti ya watoto huigawa mililita moja kuwa matone 60, na kwa kuwa saa ina dakika 60, namba hizo zinauana. Ndiyo maana fomula yangu ilikuwa fupi. Seti ile ya watu wazima ilitoa matone 20 kwa mililita. Matone 40 kwa dakika yalikuwa mililita 2 kwa dakika, sawa na 120 kwa saa. Mtoto alikuwa anapokea maji mara tatu ya aliyoandikiwa. Yalitakiwa matone 13. Sista alilizungusha gurudumu la seti, akahesabu, akaniambia nikae na mtoto mpaka asubuhi nimsikilize kifua. Nilikaa. Mtoto aliamka akadai uji.

Lile desa sijui liliishia wapi. Nahofia bado linanakiliwa.

Kwa hiyo nikisoma kwenye mwongozo kwamba Hisabati ni sifa ya ziada, huwa natabasamu kidogo. Naelewa sababu: Hisabati ni somo linaloangusha watahiniwa wengi kila mwaka, na ukiliweka kuwa sharti wodi zitabaki bila watu. Lakini mwanafunzi asisome sentensi hiyo akadhani kazi haina hesabu. Ukipata 50 kwenye Historia umefaulu. Ukipata 50 kwenye hesabu za dawa, kati ya wagonjwa wako kumi watano wamepewa kisichowahusu. Siku ya kiapo wanafunzi wetu hushika mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale na taa yake, na picha hupendeza. Taa tunaikumbuka, daftari lake tumelisahau. Mama yule alikuwa mtu wa takwimu. Mwaka 1858 alichapisha michoro ya duara kuonyesha kwamba askari wengi wa Uingereza katika vita vya Krimea waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko majeraha, na ndiye mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama wa jumuiya ya wanatakwimu ya London.

Sasa lugha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari anavushwa kwenda Kiingereza, na wengi huvuka wakiwa wameshika kamba ya kukariri. Chuoni vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, hata ule wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambao bila kuufaulu cheti chako cha chuo ni karatasi ya ukutani. Kisha mgonjwa anakuja na kusema "tumbo linanisokota", "kifua kinabana", "mwili hauna nguvu", nawe unatakiwa uyasikie kwa Kiswahili na uyaandike kwenye faili kwa Kiingereza bila kupoteza kitu njiani. Nimesoma mafaili ambamo malalamiko matatu tofauti yameandikwa kwa neno moja, "pain", kwa sababu mwandishi hakuwa na jingine. Hapo Wakenya wanaodai C ya lugha nawaelewa.

Kuna jambo ambalo wazazi hawapendi nikiwaambia. Watoto wanaonipa shida kubwa si wenye D. Mwenye D anajijua. Anakuja mapema, anakaa mbele, anauliza. Anayenitia hofu ni aliyekuwa wa kwanza kuanzia darasa la tatu mpaka kidato cha nne na kutajwa kila mahafali. Huyo hajazoea kusema "sijui" mbele za watu. Shuleni hilo halikumdhuru mtu. Wodini, kabla ya sindano, tunathibitisha mgonjwa, dawa, dozi, njia na muda, na kwa dawa za hatari tunataka macho ya watu wawili. Yule wa kwanza darasani huona aibu kumwita mwenzake amhakikishie. Wengine huficha hata madesa, kana kwamba wenzao wakielewa wao watashuka nafasi. Nawaambia hakuna nafasi ya kwanza kwenye zamu ya usiku, mko wawili na wagonjwa 30. Wanacheka. Wanaelewa mwezi wa tatu wa mazoezi kwa vitendo.

Basi mtoto afanye nini? Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, vyuo hufunguliwa Septemba au Oktoba. Katikati kuna karibu mwaka mzima, na ndipo maandalizi yote yanapofia. Wavulana wanakwenda kwenye bodaboda, wasichana wanashinda dukani kwa shangazi, na mwenye wazazi wanaojiweza anapelekwa kozi ya kompyuta. Kompyuta ni nzuri. Lakini ningekuwa mimi ningeanza na sehemu na desimali, mpaka mtoto aweze kusema papo hapo kwamba gramu 0.25 ni miligramu 250 bila kutazama dari. Ningemwambia achukue kila karatasi ya maelezo inayokuja na dawa nyumbani, hata ya dawa ya kikohozi, asome nusu ukurasa kwa siku na kuueleza kwa Kiswahili kwa bibi yake. Bibi akielewa, amesoma. Dawa ya maji ya homa ya watoto ina miligramu 120 kwenye mililita 5. Mtoto wa kilo 12 akipewa miligramu 15 kwa kilo anahitaji 180. Ni mililita ngapi? Kama jibu halikuja bado, kuna miezi ya kutosha kulitafuta. Na madaftari ya Kemia yasifungiwe vitumbua.

Nilisema maswali yangu ni matano. Tuangalie la nne, kwa sababu ndilo nalipenda kuliko yote. Linasema hivi: mtoto wa kilo 10 ameandikiwa maji mililita 40 kwa saa, utayaweka matone mangapi kwa dakika? Limekaa hivyo makusudi. Mwaka jana darasa lilikuwa na wanafunzi 32, wa kila aina ya pointi. Binti mmoja, mwenye D ya Kemia na F ya Hisabati, aliacha nafasi ya jibu tupu na chini yake akaandika kwa Kiswahili, kwa penseli: "Sijaambiwa seti ni ya matone mangapi."

Wale 31 waliandika 40.