Tela la Umbo la Tone: Uzito Ukae Wapi?

Mchukuzi wa mkokoteni hapakii magunia yake ovyo. Akiyarundika yote nyuma ya magurudumu, mpini hunyanyuka na kutaka kumponyoka. Akiyarundika yote mbele, mikono yake huelemewa kabla hajafika mbali. Kwa hiyo huyasogeza mpaka mpini uikalie mikono kwa uzito mdogo. Kanuni hiyo, ambayo mchukuzi huijua kwa mazoea, ndiyo impasayo pia fundi anayekusudia kujitengenezea tela la kuvutwa na gari. Tofauti ni kwamba mkokoteni huenda mwendo wa mtu, ilhali tela huweza kukimbia kilomita 80 kwa saa. Kosa liletalo usumbufu tu kwa mkokoteni laweza kuleta mauti kwa tela.

Makala haya yanaieleza kanuni hiyo kwa kutumia mfano wa tela dogo la safari na mapishi ya kambini.

Asili na Vipimo

Tela la umbo la tone lilianza kuonekana nchini Marekani katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilipata umaarufu zaidi, kwa kuwa magazeti ya ufundi yalichapisha michoro yake ili msomaji ajitengenezee nyumbani. Mojawapo, Mechanix Illustrated, lilichapisha mchoro wa namna hiyo mwaka 1947.

Likitazamwa ubavuni, tela hili ni nene na la mviringo upande wa mbele, kisha huteremka na kuchongoka upande wa nyuma. Ndani mna nafasi ya kulala watu wawili. Nyuma kuna kifuniko kikubwa kinachofunguka kwa juu. Chini yake mna meza, rafu za vyombo na jiko. Mpishi husimama nje, na kifuniko kilichoinuliwa humkinga jua na mvua.

Vipimo vya kawaida vya kibanda chake ni urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa bahati. Ubao mmoja wa plaiwudi huuzwa ukiwa na futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Hivyo kila ubavu hukatwa katika ubao mmoja, bila kiungo na bila hasara kubwa.

Umbo na Hewa

Yafaa ieleweke kwamba tone halisi la mvua halina ncha. Matone madogo ni ya mviringo kama gololi, na makubwa hubapa upande wa chini kwa kusukumwa na hewa. Jina la tela limetokana na tone lichorwalo vitabuni.

Hata hivyo, umbo hilo lina faida. Ukinzani wa hewa hutegemea ukubwa wa uso unaoipasua hewa, umbo lake, na mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezwa kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, yaani mara 1.5, ukinzani huongezeka mara 2.25. Tela fupi, lenye uso wa mviringo, hujificha kwa sehemu kubwa nyuma ya gari linalolivuta, na petroli huokolewa.

Hesabu ya Uzito

Tela lenye ekseli moja ni wenzo. Ekseli ni egemeo. Mbele yake umo mkono wa kuvutia, unaoishia kwenye kiungio cha gari. Uzito ulio mbele ya ekseli hukishinikiza kiungio, na ulio nyuma hukiinua. Nchini Marekani mafundi hushauri kwamba uzito unaokikalia kiungio uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela.

Tuchukue mfano. Kutoka kiungio hadi ekseli ni sentimita 250. Tela tupu lina kilo 300, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 30 mbele ya ekseli. Momenti yake ni 300 × 30, yaani 9,000. Vyombo na jiko vina kilo 50, navyo vimewekwa sentimita 100 nyuma ya ekseli: hiyo ni momenti ya 5,000 upande wa pili. Fundi akaona ni rahisi kuweka maji karibu na jiko. Lita 40, yaani kilo 40, zikakaa papo hapo nyuma. Momenti yake ni 4,000.

Sasa 9,000 kutoa 5,000 kutoa 4,000 ni sifuri. Tela lina kilo 390, lakini kiungio hakibebi hata kilo moja. Kwa macho limesimama vizuri kabisa, wala hakuna dalili ya hatari.

Dawa yake ni kupanga upya. Dumu la maji lihamishiwe juu ya ekseli, ambako momenti yake ni sifuri. Kisha sanduku la kilo 50, lenye gurudumu la akiba, hema na vyuma vya kazi, liwekwe sentimita 150 mbele ya ekseli. Momenti sasa ni 9,000 kutoa 5,000 kuongeza 7,500, yaani 11,500. Tukigawa kwa 250, kiungio kinabeba kilo 46 katika tela la kilo 440: zaidi kidogo ya asilimia 10. Maji yakiisha njiani, tela hubaki na kilo 400, na kilo 46 huwa asilimia 11.5. Hii ndiyo sababu ya kuweka juu ya ekseli kitu ambacho uzito wake hubadilika safarini.

Kwa Nini Tela Huyumba

Upepo wa lori linalopita au shimo barabarani huweza kulisukuma tela kando. Likiwa limepakiwa vema, msuguano wa matairi hulirudisha kwenye mstari, na mtikisiko hufifia. Uzito ukiwa mwingi nyuma, inesha ya mkia huushinda uwezo huo. Tela huenda kulia, likarudi na kupitiliza kushoto, kama pendula. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mtikisiko unavyochelewa kufifia. Na ukipita kiwango fulani, kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka gari lenyewe likaburutwa nje ya njia.

Dereva aliyefikwa na hali hiyo asiongeze mwendo wala asikimbizane na myumbo kwa usukani. Aushike usukani imara, aondoe mguu kwenye mafuta, gari lipungue mwendo lenyewe. Kisha asimame mahali salama na kupanga mzigo upya.

Jiko na Hewa

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Kwa hiyo kasha la mtungi lazima liwe na matundu sakafuni, na lisiwe na upenyo wa kuingilia chumba cha kulala. Jiko lolote, hasa la mkaa, lisiingizwe humo hata usiku wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu na kuizuia isibebe oksijeni. Chumba cha kulala nacho kiwe na matundu mawili yasiyozibwa, moja chini na jingine juu.

Jaribio la Darasani

Chukua ubao mwembamba wa mita 1. Weka penseli chini ya alama ya sentimita 65. Hiyo ndiyo ekseli. Alama ya sifuri ikae juu ya mizani ya jikoni, penseli ikiinuliwa ili ubao ulale sawa. Weka mfuko wa mchanga wa gramu 130 sentimita 20 mbele ya penseli, usome mizani. Kisha uhamishie sentimita 20 nyuma yake. Mizani itapungua gramu 80, kwa kuwa 130 × 40 ÷ 65 ni 80. Wanafunzi wabadili uzito na umbali, wakikokotoa jibu kabla ya kusoma mizani.

Tela halisi hupimwa vivyo hivyo: magurudumu yazuiwe, mkono wa kuvutia uwekwe juu ya mizani kwa kimo cha kiungio cha gari, na mzigo wote uwe ndani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo ifanywe kila mzigo unapobadilika, kabla ya tela kuingia barabarani.