Rubani wa Ndege za Abiria: Njia ya Jeshi au Njia ya Kiraia?

Wazazi na vijana hutuuliza mara kwa mara: anayetaka kurusha ndege za abiria apitie jeshini au asome katika chuo cha urubani cha kiraia? Swali hili lina uzito, kwa kuwa zipo familia zinazouza shamba au kuchukua mkopo ili kumsomesha mtoto mmoja. Njia zote mbili huishia kwenye leseni ileile. Kinachotofautiana ni malipo: njia moja hulipiwa kwa fedha, nyingine kwa miaka ya utumishi.

Masharti ya leseni

Viwango vya leseni za marubani vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, nasi Tanzania tunavifuata. Mwombaji wa leseni ya rubani wa biashara hutakiwa awe na umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 iwapo amefuata kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Akiongeza kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo na kibali cha ndege za injini zaidi ya moja, anaweza kuajiriwa kuwa rubani msaidizi. Ili awe rubani kiongozi wa ndege kubwa, anahitaji leseni ya ngazi ya juu, ambayo sharti lake ni umri wa miaka 21 na saa 1,500, zikiwemo saa 100 za kuruka usiku.

Njia ya kiraia

Mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Gharama hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na hupanda endapo atahitaji saa nyingi kuliko kiwango cha chini. Watanzania wengi husoma nje, kwa mfano katika vyuo vya Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, au katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971. Leseni ya nje haimruhusu mwenye nayo kurusha ndege zilizosajiliwa nchini mpaka itambuliwe na Mamlaka.

Ugumu mkubwa huja baada ya kuhitimu. Mhitimu mwenye saa 200 bado yuko mbali na saa 1,500, na si kila shirika humpokea. Wengi hujiongezea saa kwa kufundisha urubani, au kwa kurusha ndege ndogo kama Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na abiria Zanzibar. Familia isimalize akiba yote kwenye ada. Ibakize ya kumsaidia kijana katika kipindi hicho.

Njia ya jeshi

Jeshi hugharamia mafunzo ya rubani wake, na humlea katika nidhamu inayothaminiwa na waajiri. Hata hivyo, anayeandikishwa huwa askari kwanza. Kazi hupangwa kwa mahitaji ya jeshi, hivyo kuandikishwa si ahadi ya kuwa rubani. Aliyechaguliwa naye haachi kazi wakati autakao: Jeshi la Anga la Marekani, kwa mfano, humtaka rubani atumikie miaka 10 baada ya kuhitimu mafunzo.

Akitoka jeshini, rubani huyo huomba leseni ya kiraia, huthibitisha saa zake kwa kumbukumbu rasmi na hufanya mitihani. Saa za helikopta hazihesabiwi zote kuwa saa za ndege ya mabawa. Nchini Marekani, rubani wa jeshi anaweza kupata leseni ya juu yenye mipaka akiwa na saa 750. Nafuu hiyo ni ya sheria za Marekani, usiitegemee kwingine.

Kabla ya kulipa au kujiandikisha

1. Pima afya kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka. Bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, ada yote itakuwa imepotea. Kuvaa miwani pekee hakumzuii mtu, lakini kutotofautisha rangi kunaweza kumzuia.

2. Hakikisha chuo kina idhini iliyo hai, na kwamba idhini hiyo inahusu kozi unayoitaka.

3. Usilipe ada yote kwa mkupuo. Lipa kwa awamu, dai risiti, na upate mkataba unaoeleza marejesho endapo ndege itaharibika au chuo kitafungwa.

4. Nafasi za jeshi haziuzwi. Anayekuomba fedha ili akuingize jeshini ni tapeli. Toa taarifa polisi.

5. Piga hesabu ya umri. Viwango vya kimataifa humruhusu rubani wa ndege yenye marubani wawili au zaidi kuendelea na kazi ya biashara hadi miaka 65. Aliyeacha jeshi akiwa na miaka 38 bado ana muda mrefu mbele yake.

Kijana anayependa utumishi wa jeshi kwa ajili ya jeshi lenyewe ana sababu njema ya kwenda huko. Anayelitazama kama chuo cha bure tu atafakari kwanza kama angeridhika kubaki askari hata asipopewa ndege. Kama hangeridhika, njia ya kiraia inamfaa zaidi, na ni heri aahirishe mwaka mmoja ili akamilishe akiba kuliko kuanza mafunzo na kuyakatiza katikati kwa kukosa ada.