KIZURI HAKIJIUZI: TAMASHA LA MAFUNDI HURU WA SAA HUANDALIWAJE?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu sana wahenga wetu, lakini ndugu msomaji, niruhusu leo niiweke methali hii kwenye mizani. Kizuri kitajiuzaje ikiwa kimefungiwa ndani ya dawati la fundi mmoja, katika kijiji cha milimani ambako wanunuzi hawapiti? Makala haya yanahusu watu waliojiuliza swali hilo hilo wakalitafutia jibu. Watu hao ni mafundi huru wa saa, na jibu lao lilikuwa tamasha.

Nikisema tamasha, usidhani nazungumzia nyimbo, ngoma na drama kama tulivyozoea shuleni. Tamasha hili ni mkutano wa siku moja, mbili au tatu ambapo kila fundi huketi kwenye meza yake, na wapenzi wa saa huja kuona, kuuliza, kushika na, Mungu akipenda, kununua. Na nikisema fundi huru, simaanishi fundi wa kurekebisha saa mbovu kama ami yangu, ambaye ana kibanda chake mjini na ndiye aliyeniambukiza huu ugonjwa wa kupenda saa. Fundi huru ni yule anayebuni na kuunda saa yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, bila kuajiriwa na kampuni kubwa. Pengine yuko peke yake, pengine ana wasaidizi wachache. Saa moja huweza kumchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka.

Sasa utauliza, watu kama hao walitoka wapi katika enzi hii ya viwanda? Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko iliuza jijini Tokyo saa ya kwanza ya mkononi iliyotumia betri na kipande cha jiwe la kwatzi. Saa za aina hiyo zilishika majira kwa usahihi kuliko zile za kamani, na baada ya miaka michache bei yake ikashuka mno. Uswisi, iliyokuwa mfalme wa saa, ilipigwa dafrau. Mnamo 1970 wafanyakazi wa saa nchini humo walikuwa wapatao 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kitu. Wengi walisema saa ya kamani imekufa, kilichobaki ni mazishi tu.

Katikati ya msiba huo, mwaka 1985, mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi Uswisi, Svend Andersen mzaliwa wa Denmaki na Vincent Calabrese mzaliwa wa Italia, walianzisha chama kiitwacho Académie Horlogère des Créateurs Indépendants, yaani akademia ya wabunifu huru wa saa. Kwa ufupi huitwa AHCI. Huyu Andersen si mtu wa mchezo. Mwaka 1969 aliwashangaza watu kwa kuunda saa ndani ya chupa, kama wale mabaharia wanaojenga jahazi ndani ya chupa! Lakini ustadi wa namna hiyo haukutosha kumlipia mtu mmoja banda katika maonyesho makubwa ya saa mjini Basel. Hapo ndipo maana ya chama ilipoonekana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mafundi walichanga, wakapata banda moja la pamoja. Faida ikawa mara mbili: gharama iligawanywa, na mteja aliyekuja kumwona fundi mmoja alijikuta amewaona na wenzake wote.

Hebu tulinganishe mifano miwili uone nguvu ya kuonekana. Wa kwanza ni Philippe Dufour wa bonde la Joux, Uswisi, fundi ambaye karakana yake imo katika jengo lililokuwa shule zamani. Mwaka 1992 alionyesha Basel saa ya mkononi inayogonga kengele yenyewe kila saa na kila robo saa, kazi ambayo hapo awali ilijulikana katika saa kubwa za mfukoni. Tangu siku hizo jina lake likaenea miongoni mwa wapenzi wa saa, na mwaka 2021 saa zake ziliuzwa mnadani Geneva kwa mamilioni ya faranga. Wa pili ni Mwingereza George Daniels, aliyeishi katika kisiwa cha Isle of Man. Katika miaka ya 1970 alibuni njia mpya ya kuachia nguvu za kamani kidogo kidogo, ile sehemu itoayo sauti ya tik-tik, ili isihitaji mafuta mengi. Alibisha milango ya kampuni za Uswisi mwaka baada ya mwaka. Ni mwaka 1999 ndipo Omega walipoanza kuuza saa zenye uvumbuzi huo. Robo karne nzima! Sasa niambie, kizuri hicho kilijiuza?

Haya basi, tamasha lenyewe huandaliwaje? Nitaeleza hatua kwa hatua.

Kwanza kabisa ni kuamua nani ana haki ya kupewa meza. Bila kanuni, ukumbi utajaa wachuuzi wa saa za bandia na fundi wa kweli atakosa pa kuketi. Katika AHCI, anayetaka kujiunga hudhaminiwa na wanachama, na kazi yake hupimwa kabla hajakubaliwa kikamilifu. Kamati yoyote ya tamasha hufaa iwe na mafundi wenyewe ndani yake, kwa maana kazi ya fundi huijua fundi.

Pili ni tarehe. Hapa werevu unahitajika. Kila mwaka katika majira ya kuchipua, maonyesho makubwa ya Watches and Wonders huwavuta Geneva wanunuzi na waandishi wa habari kutoka pande zote za dunia. Mafundi wadogo wengi hukodi vyumba vya hoteli na kumbi mjini humo wiki hiyo hiyo. Mgeni amekwisha kulipa nauli na malazi. Kilichobaki ni kumvusha barabara tu.

Tatu ni ukumbi. Saa ni kitu kidogo, kwa hivyo mwanga ni muhimu kuliko mapambo. Kila meza huhitaji taa, lenzi ya kukuzia na sinia lililotandikwa kitambaa laini. Meza zikiwa sawa kwa ukubwa, hapatakuwa na bwana na mtwana. Utulivu nao unatakikana, maana saa igongayo kengele haiwezi kusikika penye makelele. Isitoshe, vipaza sauti vikubwa visiwekwe karibu na meza. Ndani yake mna sumaku, na sumaku ikiingia katika ule utepe mwembamba kama unywele unaosawazisha mwendo wa saa, mikunjo yake hushikana na saa huanza kukimbia mbele. Ami yangu hata redio yake huiweka mbali na meza kwa sababu hiyo.

Nne ni ulinzi, bima na forodha. Mkoba mmoja wa fundi waweza kubeba kazi yake ya mwaka mzima. Ukiibwa, si hasara ya duka, ni hasara ya maisha. Kwa hivyo waandaaji hutafuta ukumbi wenye milango michache, walinzi, na sefu ya kuhifadhia saa usiku. Bima nayo yapasa ianzie nyumbani kwa fundi hadi arudipo, si ukumbini peke yake. Na anayevuka mpaka hutumia hati ya forodha iitwayo kaneti ya ATA. Hati hiyo huorodhesha kila kitu na thamani yake, ikamruhusu mwenyewe kuingiza saa za maonyesho kwa muda bila kulipa ushuru. Zilizoingia sharti zitoke. Itakayobaki kwa mnunuzi italipiwa ushuru wake. Asiyejua jambo hili atakwama mpakani huku tamasha likifunguliwa bila yeye.

Tano, na hili kwangu ndilo moyo wa tamasha: fundi mwenyewe aketi mezani pake. Si karani, si msichana mrembo wa kugawa karatasi za matangazo. Mtu anayefikiria kutoa pesa nyingi ajabu kwa saa isiyo na jina la kampuni kubwa ananunua imani. Anataka kuiona mikono iliyoikata ile gurudumu la meno, na kuuliza: ikiharibika nitakuletea wapi? Naye fundi huwa anahitaji malipo ya awali ili anunue vifaa na aishi wakati kazi inaendelea. Makubaliano kama hayo hayafanyiki vizuri kwa barua. Hufanyika watu wakitazamana machoni. Mgeni naye ana adabu zake: huvua saa na bangili zake kabla ya kushika ya mwenzake, na hupiga picha baada ya kuomba ruhusa.

Sita ni elimu. Tamasha lisilofundisha ni soko tu. Tamasha la Dubai Watch Week, lililoanza mwaka 2015 kule Dubai, limejijengea sifa kwa mijadala na madarasa ya vitendo. Katika madarasa ya namna hiyo mgeni hupewa koleo ndogo na bisibisi, akafungua mtambo wa saa na kujaribu kuurudisha. Anayepoteza skrubu moja kwa kupiga chafya hawezi tena kuuliza kwa nini kazi hii ni ghali!

Saba ni kiingilio. Kuna njia mbili. Maonyesho ya Windup, yaliyoanza New York mwaka 2015, humwacha mgeni aingie bure, na gharama hubebwa na wenye meza na wafadhili. Waingereza walifuata njia nyingine. Chama chao cha waundaji saa, kilichoanzishwa mwaka 2020 na ambacho Roger Smith, mwanafunzi wa Daniels, ni mmoja wa waasisi wake, kiliandaa siku yao ya kwanza tarehe 9 Machi 2024 katika ukumbi wa Lindley Hall, London. Waliuza tiketi, na mafundi wengi walitengeneza saa maalumu chache za kuuzwa siku hiyo tu. Hila hiyo ni nzuri, kwa sababu humpa mtu sababu ya kutoka nyumbani leo badala ya kesho. Mwaka uliofuata waliandaa tena.

Baada ya kusema hayo yote, sharti niseme na hatari yake. Yale maonyesho ya Basel niliyoyataja yalikuwa na mizizi tangu mwaka 1917, na baadaye yakaitwa Baselworld. Mwaka 2013 yalifungua majumba mapya yaliyogharimu faranga milioni 430. Lakini waonyeshaji walilalamika kwamba gharama zinapanda na sauti zao hazisikiki. Mwaka 2017 walikuwa kama 1,300. Mwaka 2018 wakawa kama 650, nusu tu! Mwaka huo huo Swatch Group wakatangaza kujitoa. Ulipozuka ugonjwa wa korona mwaka 2020, maonyesho yakaahirishwa, ukazuka ugomvi kuhusu kurudisha pesa zilizokwisha kulipwa, na mwezi wa Aprili Rolex, Patek Philippe, Chanel, Chopard na Tudor wakaondoka kwa mpigo. Maonyesho ya mwaka 2019 yakawa ya mwisho. Majumba ya mamilioni hayakuweza kuyaokoa. Waandaaji walisahau kwamba mwenye tamasha si mwenye ukumbi. Mwenye tamasha ni yule aliye mezani.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza, haya yanatuhusu nini sisi ambao wengi wetu husoma saa kwenye simu? Nitakujibu kwa mfano wa nyumbani. Katika mtaa wa ami yangu wako mafundi wa saa watatu. Mmoja ana sanduku la vipuri vya saa za zamani ambavyo huvipati popote. Wa pili ana macho na mikono ya kazi ndogo kabisa. Ami mwenyewe ana wateja. Kila mmoja analia kwamba kazi inakufa, na hawajawahi kuketi pamoja hata mara moja! Kila mmoja akifunga kibanda chake siku ya mwisho, ataondoka na ujuzi ambao hakuna kijana aliyepata nafasi ya kuuona. Hapahitajiki Geneva wala sefu. Panahitajika ukumbi wa shule Jumamosi moja, meza tatu, taa tatu na tangazo langoni. Pengine mmoja wetu atashika bisibisi siku hiyo na asitake kuiweka chini.

Ndiyo maana nimependekeza kwa chama chetu cha Kiswahili tushirikiane na klabu ya sayansi muhula ujao tuwaalike hao watatu. Sisi tutaandika mabango na kuendesha mazungumzo, wenzetu wataeleza magurudumu na kamani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ami amekwisha kukubali, kwa sharti moja: vipaza sauti vya shule vikae mbali na meza yake.